Kusi ni Moja, Milango ni Miwili

Ifikapo mwezi wa Mei, mkaazi wa Lamu hana haja ya kutazama kalenda. Upepo hugeuka, bahari ya nje hubadilika rangi, vyombo vidogo huvutwa ndani kwenye mikoko, na baadhi ya nyumba za wageni hufungwa milango mpaka hali itulie. Wapishi hupewa ruhusa waende makwao. Kusi imeingia. Hapa kwetu neno hilo tangu zamani lina harufu ya ukata: mvuvi hatoki nje ya miamba, mgeni haji, na mwenye duka hufungua ukurasa mpya wa madeni katika daftari lake.

Upepo huo huo, ukishatupita sisi na kuipita pwani ya Somalia, hufika kusini ya Oman, katika mkoa wa Dhofar. Kule msimu wake huitwa kharifu, na badala ya kufunga milango watu huifungua. Mwaka 2023 Dhofar ilipokea wageni wapatao 962,000 katika msimu huo, baina ya mwisho wa Juni na mwisho wa Septemba. Mwaka 2024 idadi ikapindukia milioni moja, ambayo ni zaidi ya wakaazi wote wa mkoa wenyewe. Na tafadhali msomaji usidhani kuwa hao ni Wazungu waliokuja kuota jua. Jua lenyewe halionekani. Wengi wao ni jamaa za Kiislamu, Waomani wa kaskazini wakiwa mbele, kisha watu wa Imarati na Saudia, waliokimbia joto la digrii 40 na kitu kuja kukaa kwenye mahema milimani na kunyeshewa manyunyu wakifurahi.

Mimi habari hizi nimezipata kwa urefu kutoka kwa mpwa wangu na mumewe, watu wa Mombasa ambao riziki yao kwa sasa iko Muscat. Walipata likizo pamoja, jambo lisilotokea kila mwaka kwa wafanyakazi wa ugenini, wakaamua kuwa safari hii hawatakata tikiti ya kuja nyumbani. Walitia katika gari hema moja, jiko la mkaa, msala, thamosi mbili za chai na, kwa kuwa bwana huyo amezaliwa katika nyumba ya wavuvi, mishipi mitatu na kopo la ndoana. Kutoka Muscat mpaka Salalah ni mwendo wa kilomita elfu moja hivi, na sehemu kubwa yake ni jangwa tupu la Haima na Thumrait, barabara iliyonyooka mpaka dereva akasinzia. Kila msimu barabara hiyo hula watu, na kazi ya kuipanua imechukua miaka mingi. Mpwa wangu asema alimaliza juzuu mbili za Qur'ani njiani, si kwa ucha Mungu peke yake bali kwa hofu.

Halafu, asema, gari likapanda kidogo baada ya Thumrait, likaanza kuteremka upande wa bahari, na mara moja kioo cha mbele kikalowa. Nyuma yao jangwa, mbele yao majani mabichi na ng'ombe. Alinipigia simu hapo hapo. "Mjomba," akaniambia, "nimenusa kipupwe cha kwetu."

Hakukosea. Ni kipupwe cha kwetu hasa, ila kimefanyiwa kazi nyingine na bahari. Kusi ikipiga sambamba na pwani ya Uarabuni huyasukuma maji ya juu yaende mbali na nchi kavu, na maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Upepo wenye unyevu ukipita juu ya maji hayo hupoa, unyevu wake ukageuka ukungu, nao ukungu huenda kujigonga kwenye milima iliyopinda nyuma ya Salalah mithili ya upinde. Kupanda juu zaidi hauwezi, kwa sababu hewa ya moto kutoka jangwani imeukalia kama kifuniko cha sufuria. Hivyo hubaki pale pale miezi mitatu, ukitona. Ukanda unaopata neema hiyo ni mwembamba mno. Mahali pengine ni kilomita chache tu, na hata palipo pana hauzidi thelathini hivi. Ukivuka kilele umerudi jangwani. Wakiwa juu ya Jabal Samhan wawili hawa walisimama kwenye jua kali, wakatazama chini wakaona mawingu yametandazwa kama pamba mpaka upeo wa macho, na chini ya pamba hiyo ndiko lilikokuwa hema lao.

Walipiga kambi upande wa Ittin, nyuma kidogo ya mji, ambako usiku mabanda ya nyama hujipanga barabarani. Neno la mishkaki halikuhitaji mkalimani. Kuna pia nyama iitwayo madhbi, inayochomwa juu ya mawe yaliyopashwa moto. Mchana waliteremka Salalah kwenye mabanda ya matunda, na hapo mpwa wangu akacheka peke yake: madafu, ndizi, mapapai, muuzaji ameshika panga na anakata dafu kwa mikono ile ile ya muuzaji wa Mama Ngina. Nazi hizo si za jana. Ibn Battuta, ambaye aliondoka kwetu Kilwa katika karne ya 14 na kuelekea bandari ya Zafar, yaani Dhofar hii hii, aliikuta minazi huko na kuieleza kwa kirefu. Alistaajabu pia kuwa wanyama wa mji walilishwa dagaa.

Nilimwuliza mpwa wangu juu ya stara, maana kwetu hema ni jambo la maskauti na la watalii, na mke wa mtu kulala nje ya ukuta wa nyumba huwafanya watu kusema. Akanijibu kuwa hajapata kulala nje kwa utulivu kama ule. Kila jamaa hutandika mikeka yake mbali na ya wengine, huangika kitambaa cha kujikinga macho ya wapita njia, na mwanamume akihitaji kupita huanza kwa kukohoa na kutoa salamu. Adhana husikika kwenye ukungu bila mnara kuonekana. Walibishana kidogo, yeye na mumewe, kama msafiri aliyepiga hema mahali pamoja angali na ruhusa ya kufupisha sala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyenuia kukaa siku nne kamili amekwisha kuwa mkaazi, nao walikuwa wamenuia zaidi ya hapo. Basi wakatimiza rakaa zote. Watu wa Dhofar wengi ni Shafi kama sisi, kwa hiyo hata waliposwali msikitini hawakuona kipya.

Kuhusu uvuvi nina machache, maana samaki hawakupatikana. Bwana yule alikwenda na mishipi yake Mughsail, magharibi ya Salalah, ambako miamba ina matundu yanayorusha maji ya bahari juu kama moshi wa treni. Wimbi la kusi kule halina mwamba wa matumbawe wa kulivunja kama letu. Linatoka bahari kuu na kugonga jabali moja kwa moja. Pana uzio. Mwezi wa Julai mwaka 2022 watu wa familia moja waliokuwa wakitembea waliuvuka, wimbi likawasomba mbele ya macho ya watu. Akayasoma maonyo, akazitazama ndoana zake, akarudi garini. Taqah na Mirbat alizikuta mashua zimepandishwa mchangani. Mzee mmoja wa Mirbat alipomwona ameshika mshipi alicheka mpaka kilemba kikamlegea, akamwambia arudi baada ya msimu, dagaa wakija kwa wingi mpaka hukaushwa ufuoni kwa ajili ya ng'ombe na ngamia. Na nguru asimtafute kabisa, kwani kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba serikali ya Oman imepiga marufuku kumvua ili azae.

Kwa kweli hapa watu wa Oman wanatushinda kwa jambo moja rahisi. Ile bahari iliyofungwa na kusi wameiacha ifungwe. Maji baridi yanayopanda wakati huo ndiyo yanayoleta chakula cha samaki kutoka chini, na mavuno ya dagaa baadaye ni matunda ya miezi hiyo ya njaa. Wazee wetu walilijua hilo. Jahazi lililokuja na kaskazi liliondoka mapema mwanzo wa kusi au lilingojea demani. Katikati, Juni na Julai, hapakuwa na nahodha wa akili aliyeikabili pwani ya Uarabuni.

Mirbat ndipo safari ilipoacha kuwa matembezi. Nje ya mji huo lipo kaburi lenye kuba mbili nyeupe, la Muhammad bin Ali, aitwaye Sahib Mirbat, aliyefariki katika karne ya 12. Msomaji wa Lamu hana haja ya kuelezwa zaidi, lakini wa Mombasa huenda amesahau: nasaba za masharifu wa Ba Alawi zote humpitia mtu huyu. Watoto wa watoto wake walitoka Hadhramaut wakaenea mpaka Java upande mmoja na visiwa vya Ngazija na Lamu upande mwingine, na maulidi yanayosomwa kila mwaka katika msikiti wa Riyadha yalipandwa na mtu wa kizazi hicho. Mpwa wangu alisimama kaburini akasoma Fatiha huku manyunyu yakimdondokea. Siku ya pili walizuru kaburi linalonasibishwa na Nabii Ayub, juu ya mlima wa Ittin. Hayo ndiyo niyaitayo matembezi.

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Tangu mahoteli ya kwanza makubwa yajengwe Malindi na Diani, sisi Waislamu wa pwani tumekuwa na lalamiko moja dhidi ya utalii, na ni lalamiko la haki. Tumesema mgeni huja na uchi wake, ulevi wake na pesa zake, na kwamba viwili vya kwanza huachwa kwa watoto wetu na cha tatu hurudi naye kwao. Mahubiri mangapi ya Ijumaa yamesemwa juu ya hilo? Na dawa tuliyoipendekeza, wazi au kwa kificho, ni kuwa lau mgeni angelikuwa mwenzetu wa dini, mwenye mke wake na watoto wake, mambo yangelikuwa mengine.

Dhofar inatuonyesha dawa hiyo imekwisha kunywewa. Sehemu moja imeponya kabisa. Mtu wa kule hana haja ya kumficha binti yake mgeni anapopita. Fedha huingia katika banda la mishkaki, kwa mkodisha nyumba, kwa mwenye maziwa ya ngamia. Lakini mlima unalia vile vile, na waliouliza ni watu wenye udhu.

Magari ndiyo balaa ya kwanza. Ukungu ukishaotesha majani, kila mwenye gari la kupanda milima hutaka kutandika mkeka pale ambapo hajatandika mwingine, akakata njia yake mwenyewe katikati ya kijani. Udongo ule ni laini kama unga uliokandwa. Gurudumu likipita mara moja, alama hubaki. Wakuu wa mazingira na polisi wametangaza tena na tena kuwa kuendesha gari juu ya majani ni kosa. Mpwa wangu aliona taka za plastiki zimening'inia kwenye miiba karibu na Wadi Darbat, mahali pazuri kuliko pote alipopaona, na mkebe wa soda umezama katika chemchemi. "Na tulikuwa sote Waislamu, mjomba," akaniambia, "wala hapakuwa na wa kumlaumu."

Balaa ya pili ni ya ndani na ya zamani zaidi. Milima hii ilikuwa uwanja wa vita tangu mwaka 1965 mpaka mwisho wa 1975. Ukungu unaoletea watu mapumziko leo ndio uliowaficha wapiganaji walioteremka kuishambulia Mirbat alfajiri ya tarehe 19 Julai, 1972. Vita vilipokwisha, serikali ya Sultan Qaboos iliwapoza watu wa milimani kwa visima, barabara, zahanati na shule. Ilikuwa siasa ya busara na nani ataipinga? Ila maji yalipopatikana mwaka mzima na chakula cha mifugo kikaweza kununuliwa, makundi ya ng'ombe, mbuzi na ngamia yakaongezeka kupita kiasi cha mlima, na hayo ndiyo yanayokula miche.

Hapo pana jambo ambalo mtalii haoni. Mti wa Dhofar haungoji mvua. Huuchana ukungu kwa majani yake kama mtu achanaye nywele, na matone huanguka chini ya shina. Maji yanayopatikana chini ya mti ni mengi kuliko yanayopatikana uwanjani hatua chache kutoka hapo. Mti ukiondoka, ukungu hupita juu ya mahali pale bila kuacha kitu, wala mche mpya hauna cha kunywa ili ukue mpaka ufikie kimo cha kujichania wenyewe. Maana yake ni kuwa msitu ule unajinywesha, na ukikatika haurudi kwa urahisi. Chemchemi za Razat na nyinginezo, ambazo watu milioni moja huenda kupigia picha, hutegemea matone hayo.

Basi tusijidanganye. Dini ya mgeni huchunga heshima ya nyumba. Mlima huchungwa na idadi na sheria, na sheria yenyewe ni ile inayomshika mtu mkono usiku wa Alhamisi wakati amekwisha kulipa petroli ya kilomita elfu. Manispaa ya Dhofar imeweka sehemu maalumu za mahema. Ni mwanzo mwema, na sitaki kuonekana mtu wa kudharau. Lakini Ittin usiku wa mwezi wa Agosti, kwa maelezo ya hawa wawili, ni foleni ya magari kuliko ya Likoni.

Nayasema haya kwa sababu na sisi tuna ukungu wetu. Wengi wa wasomaji wa Mombasa hawajui kuwa kusi hii, kabla ya kwenda popote, hupanda milima ya Taita. Kuanzia Juni hadi Septemba vilele vya huko, Vuria ikiwa ndiyo ndefu kuliko zote kwa mita 2,208, hufunikwa na ukungu mchana kutwa, na misitu yake ya asili huuchana ukungu huo kwa namna ile ile ya Dhofar. Iliyobaki ni vipande vidogo kama Ngangao na Chawia. Mahali pengine pamepandwa misonobari na mikalitusi ya kigeni. Katika vipande hivyo wamo ndege wasiopatikana pengine popote duniani, na yanatoka maji yanayokwenda kwa wakulima wa mabondeni. Treni ya reli mpya, tangu mwaka 2017, husimama Voi.

Ni kijana gani wa Kisauni au wa Old Town aliyefunga ndoa akampeleka mkewe Wundanyi kukaa siku tatu kwenye baridi? Huwa twasema hakuna misikiti, hakuna chakula chetu, watu watatutazama. Mimi nasema hatujauliza. Na Lamu yenyewe, je? Katika miezi hiyo ya kusi kuna upepo mzuri, kuna barza tupu, kuna vyumba vya bei nusu, na kuna jamaa zetu wa Garissa na Nairobi na hata wa Muscat ambao hawana haja na ufuo wa kuota jua; wanataka kivuli, stara, chakula cha halali na makaburi ya wazee wao. Mwenye nyumba ya wageni anayefunga mlango mwezi wa Mei hamngojei mgeni huyo. Anamngojea yule wa Disemba, ambaye akija twamlalamikia.

Lakini akija huyo wa Mei, na aje akikuta tumekwisha kuamua ni wangapi, watapiga hema wapi na taka zao zitakwenda wapi. Si kumkaribisha kwanza kisha kumtungia sheria.

Mpwa wangu na mumewe walikuja likizo nyumbani baadaye, mwezi wa Julai. Nilidhani watashinda kwa mashangazi wakila biriani. Siku ya nne wakanijia wamebeba lile hema, wakaniomba niwapeleke stesheni ya Miritini asubuhi mapema, tikiti zao zikiwa za Voi. Nilipoliinua kulitia garini niliona kamba zake bado zina udongo mwekundu uliogandamana. Bwana akataka kuukung'uta, mkewe akamkataza. Mishipi na ndoana, safari hii, walimwachia mdogo wake.